Siku Moja Mapokezini, na Nywele Zangu

Saa kumi alfajiri nimeshaamka, kwa kuwa nywele zangu zina zamu yao kabla ya zamu yangu. Jana usiku nilizisokota mafungu mawili mawili na kuzifunga kitambaa laini, na sasa ninafumua msokoto mmoja baada ya mwingine, ninapaka mafuta ya nazi, kisha ninainua mashina kwa chanuo la meno mapana mpaka zisimame duara. Nywele zinazojikunja hukauka upesi, kwa sababu mafuta yatokayo kwenye ngozi ya kichwa hushindwa kuteremka hadi kwenye ncha, kwa hiyo anayedai kwamba sisi wenye nywele za asili ni wavivu wa kujitunza hajawahi kuziona chupa zilizopanga foleni dirishani kwangu.

Saa kumi na moja na robo nipo kituo cha mabasi ya mwendokasi Kimara, nimesimama kama dagaa ndani ya kopo, na kabla ya saa moja ninaingia hotelini, katikati ya jiji la Dar es Salaam. Watu wengi hudhani kwamba mhudumu wa mapokezi hulipwa kwa kutabasamu kwenye kiyoyozi. Asubuhi hii, kabla sijamtabasamia mtu yeyote, nimehesabu fedha za droo na mwenzangu wa zamu ya usiku, nimelinganisha orodha ya vyumba na kadi zilizobaki, na nimegundua kwamba chumba kimoja kimeuzwa mara mbili.

Halafu unakuja ukaguzi. Kila siku kiongozi wa zamu hupita na fomu yenye vipengele vinne, yaani kucha, viatu, sare na nywele, na mbele ya kila kipengele anatia tiki kwenye "nadhifu" au "si nadhifu". Leo nimepata tiki nne za nadhifu. Ninazitaja mapema kwa sababu mchana zitanihusu.

Saa moja hadi saa nne ni wageni kuondoka, bili, risiti, teksi za uwanja wa ndege. Inapita.

Saa nne na nusu Meneja wa Mapokezi ananiita pembeni. Amenizidi miaka kama 10, tunamwita Dada, naye huniita mdogo wangu, na kusema kweli ndiye aliyenifundisha kazi hii. Mchana wanakuja wajumbe wa kampuni inayotaka kukodi ukumbi wetu kwa wiki nzima. Dada ananitazama kichwani, anautazama ukuta ulio nyuma yangu wenye saa za Dar es Salaam, London, Dubai na New York, kisha anasema, "Mdogo wangu, hicho kichwa kinaziba London." Tunacheka wote wawili. Nilicheka nikidhani utani umekwisha, lakini akafungua droo ya chini na kutoa wigi refu lililonyooka, ambalo limekaa humo tangu kabla sijaajiriwa na ambalo, kwa ninavyojua, limeshavaliwa na wasichana watatu.

"Vaa hili hadi saa tisa tu."

Nilimuuliza kwa adabu ni kipengele gani cha mwongozo wa sare nilichokiuka. Akajibu kwamba mwongozo unataka nywele nadhifu. Nikamwambia kwamba asubuhi nilitiwa tiki ya nadhifu. Akasema, "Nadhifu kwa siku ya kawaida, Dada yako nakuelewa, lakini leo tuna wageni," kana kwamba wale niliowahudumia tangu saa moja walikuwa majirani waliokuja kuomba chumvi. Mazungumzo yakazunguka hivyo kwa karibu nusu saa, huku simu ikilia na foleni ikirefuka, yeye akirudia kwamba hana tatizo na nywele zangu ila wateja ndio watakaokuwa na tatizo, nami nikimwomba anitajie mteja mmoja aliyelalamika. Hakumtaja. Mwishoni akanipa hiari mbili: wigi, au chumba cha nyuma kwenye simu za kuhifadhi nafasi.

Nilikwenda nyuma. Mtu asiyeijua kazi yetu ataona kwamba nilipumzishwa, lakini bakshishi hutolewa mbele, wala hakuna mgeni anayepitisha noti kwenye waya wa simu.

Huko nyuma nilipata muda mwingi kupita kiasi wa kufikiri. Nilisoma shule za serikali, ambako tulitakiwa kukata nywele fupi mwaka hadi mwaka, hivyo nilikuja kuzijua nywele zangu nikiwa na miaka 19, nami nikazipeleka saluni moja kwa moja zikawekwe dawa. Dawa ile ina alkali kali inayovunja vifungo vilivyomo ndani ya unywele ili unyooke, na ikichelewa kuoshwa inaunguza ngozi. Niliitumia miaka sita, nikapata vidonda viwili vya kichwa na sifa nyingi za kuwa nadhifu. Nilipoacha, nilijaribu kitana cha moto, ila joto la Dar es Salaam lina unyevu wake, na nywele zilizonyooshwa nyumbani hufika Posta, katikati ya jiji, zimeshajikunja upya.

Mchana, nikila wali maharage kwenye kopo langu, nilifungua simu na kusoma kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Kinakataza ubaguzi kazini kwa misingi ya rangi, kabila, dini, jinsia, ujauzito, umri, ulemavu na mingine kadhaa. Nywele hazikutajwa. Jimbo la California nchini Marekani lilitunga sheria mwaka 2019 inayosema wazi kwamba umbile la nywele na mitindo kama misuko na dredi ni sehemu ya ubaguzi wa rangi, na nilipoisoma niliona wivu kidogo. Lakini mimi na Dada tuna rangi moja na nywele za aina moja, ingawa zake sijaziona tangu nimfahamu. Nitamshtaki kwa rangi ipi?

Zamu yangu huisha saa tisa. Wa kunipokea alichelewa, kisha yule mgeni wa chumba kilichouzwa mara mbili akafika akiwa amekasirika, na Dada mwenyewe akaja kuniita mbele kwa kuwa ni mimi niliyekuwa na maelezo. Wajumbe wa ile kampuni walikuwa bado wapo pale mapokezini. Hakuna aliyeulizia London ni saa ngapi.

Sijui ilikuwa saa ngapi nilipokwenda kutia saini ya kutoka, pengine kumi na mbili jioni. Fomu ya ukaguzi ilikuwa imelala juu ya daftari. Kwenye jina langu, mbele ya neno nywele, tiki ya asubuhi ilikuwa imefunikwa kwa wino mweupe, na nyingine imetiwa kwenye "si nadhifu". Nywele zilikuwa zilezile. Niliipiga picha ile fomu, na kesho nitaomba nielezwe kwa maandishi maana ya neno nadhifu.

Nyumbani nilikula nimesimama. Halafu nikakaa mbele ya kioo kusokota kwa ajili ya kesho, misokoto 22, na ule wa mwisho, nyuma ya sikio la kushoto, nikauacha umelegea kwa sababu mikono ilikuwa imegoma.