Kutafuta kazi ya taa Columbus

Picha za onyesho zinapendeza, ila fundi hapati kazi kwa picha. Hilo nililiona Machi 2025 kwenye mkutano wa USITT, taasisi ya teknolojia ya maigizo ya Marekani, uliofanyika Columbus, Ohio. Tulienda na gari la chuo, tukabanana chumba kimoja cha hoteli, wote tumevaa nyeusi kama kawaida ya mafundi wa jukwaani.

Taasisi hii ndiyo iliyotunga DMX512 mwaka 1986, utaratibu ambao deski huutumia kuziamuru taa ziwake kiasi gani: laini moja, chaneli 512. Hata kijana anayefunga taa za harusi Kinondoni anakula matunda yao, ajue asijue.

Ukumbi wa maonyesho ya biashara umejaa winchi, mashine za moshi, na deski ambazo bei yake bora usiulize. Kubonyeza ni ruhusa, na wenzangu walipotelea humo kutwa nzima. Mimi nilikuwa nawinda majumba ya maigizo ya kiangazi. Haya huchukua wanafunzi miezi miwili mitatu, huwapa malazi na posho ya wiki, na huwafanyisha kazi hasa.

Kwenye meza moja alikaa mama wa makamo, mkuu wa ufundi. Akafungua jalada langu. Picha ya kwanza ilikuwa ya mwanga wa buluu juu ya sakafu tupu, naipenda sana ile.

"Hapa wewe ulifanya nini?"

"Nilifunga taa na kuvuta kebo."

"Mchoro uko wapi?"

Nikautoa, pamoja na orodha ya saketi niliyoisahihisha kwa kalamu usiku wa kufunga taa, ina alama za vidole vya grisi. Hapo ndipo alipovuta kiti karibu. Akataka kujua kwa nini taa moja nimeihamishia dima nyingine, yaani kifaa cha kupunguza na kuongeza mwanga. Nikamwambia ilikuwa ya wati 575, na dima ya kwanza ya wati 2,400 tayari ilibeba mbili za wati 1,000. Akapiga hesabu kichwani, akaguna kwa kuridhika. Alama za darasani hakuziulizia kabisa.

Ugumu uko kwenye viza. Mwenye F-1, viza ya mwanafunzi, haruhusiwi kuajiriwa nje ya chuo hivi hivi. Kibarua cha kiangazi lazima kiwe sehemu ya masomo, na chuo kiidhinishe CPT, kibali cha kazi ya mafunzo wakati wa masomo, kabla hujagusa waya. Ile OPT, kibali cha kufanya kazi ya fani yako kwa miezi 12, naitunzia baada ya kuhitimu. Majumba madogo wakisikia neno viza huingiwa na baridi, wanadhani watalipa mawakili. Kwa hiyo niliandika karatasi ya kuwaeleza kwamba wao watoe barua ya kazi tu, mengine tutamalizana na chuo. Ilinisaidia kuliko wasifu wangu, na yeyote anayekuja huku namshauri aandike ya kwake.

Jioni tulikula kwa Wasomali, maana Columbus wamejaa. Mama mwenye mgahawa alikulia Mombasa. Nilipomwamkia shikamoo akacheka, "Marahaba mwanangu, huyu Mtanzania!" Wali ukaja na ndizi mbivu pembeni, kama wanavyokula wao, na chai hakutaka tuilipie.

Barua ilifika Aprili, kutoka kwa yule mama wa mchoro. Posho ni ndogo, chumba tutalala wanne, na buti zenye chuma mbele ni za kujinunulia. Nimesaini.