Gololi Nyeusi Sita

Jana jioni mpwa wangu, ambaye yuko kidato cha nne, alinijia na daftari la hisabati. Swali lilisema kwamba mfuko una gololi nyeusi 6 na nyeupe kadhaa, na uwezekano wa kuchomoa nyeupe ni 2/5. Je, nyeupe ni ngapi? Alikuwa ameshaandika 2, akataka nimwambie kama amepata au amekosa. Sikumwambia. Nilimtaka kwanza anisimulie swali kwa Kiswahili bila kutazama kitabu, kwa sababu hisabati aliyoisoma kwa Kiswahili katika shule ya msingi sasa anafundishwa kwa Kiingereza, na mara nyingi nimeona kwamba kinachomshinda si hesabu bali sentensi iliyoibeba.

Alipokwisha kusimulia, tulilirudisha jibu lake mfukoni: nyeupe 2 na nyeusi 6 ni gololi 8, na 2 kati ya 8 ni robo, wala si 2/5. Hapo alijua mwenyewe kwamba amekosea, nasi tukaukagua mlinganyo mstari kwa mstari. Nyeupe zikiwa x, jumla ni x + 6, kwa hiyo x/(x + 6) = 2/5, yaani 5x = 2(x + 6). Yeye alikuwa ameandika 5x = 2x + 6, akisahau kwamba 2 iliyo nje ya mabano huzidisha kila kilichomo ndani. Aliposahihisha akapata 3x = 12, na x ni 4; nayo 4 kati ya 10 ni 2/5 kweli.

Kipengele cha pili kiliuliza uwezekano wa kuchomoa gololi mbili, moja baada ya nyingine bila kurudisha, zote zikawa nyeupe. Aliandika 4/10 × 4/10. Nilileta bakuli lenye maharage meupe 4 na mekundu 6, akatoa jeupe moja, akahesabu yaliyobaki: meupe 3 kati ya 9. Basi ni 4/10 × 3/9, yaani 2/15.

Kwa kuwa alianza kukata tamaa, nilimweleza habari ya Jean d'Alembert, mwanahisabati mashuhuri wa Ufaransa, ambaye mwaka 1754 aliandika kwamba ukirusha sarafu mara mbili, uwezekano wa kupata kichwa angalau mara moja ni 2/3. Alihesabu matukio matatu: kichwa mara ya kwanza, mwenge kisha kichwa, na mwenge mara zote mbili, akayachukulia kuwa sawa, ilhali la kwanza peke yake lina uwezekano wa nusu. Mpwa wangu aliorodhesha njia zote nne, akaona kwamba tatu zina kichwa, akaandika 3/4.

Kipengele cha mwisho, cha nyeupe moja na nyeusi moja, nilimwachia. Kwanza alipata 4/15. Kisha alilivuta tena bakuli, akachomoa jekundu kabla ya jeupe, akanyamaza kidogo, akafuta na kuandika 8/15.