Karani wa kituo cha afya atoke wapi?

Upungufu wa watumishi wa afya ukitajwa, wengi wetu hufikiria madaktari na wauguzi ambao hawajaajiriwa, na si kosa kufikiria hivyo. Ajira za serikali zilibanwa katika miaka ya 1990, kisha mwaka 2007 ukaja Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, yaani MMAM, uliokusudia kila kijiji kiwe na zahanati na kila kata iwe na kituo cha afya. Majengo yaliongezeka, idadi ya watumishi ikabaki nyuma. Mimi nataka kuzungumzia saa za kazi za hao wachache waliopo, kwa kuwa nyingi kati ya hizo hazimfikii mgonjwa.

Binamu yangu ni muuguzi katika kituo kimoja cha afya hapa Tanga. Mjamzito akifika kliniki kwa hudhurio la kwanza, muuguzi huyo humwandika kwenye kadi, kisha kwenye rejista ya MTUHA, yaani mfumo wa serikali wa taarifa za huduma za afya, kisha kwenye daftari la maabara, na kwenye kompyuta iwapo mtandao haujakatika. Na kama mama huyo ana bima, kuna fomu ya madai pia. Jina ni lilelile, umri uleule, mtaa uleule. Mwezi ukiisha hukaa na rejista zote mezani, akipiga vistari vinne na cha tano cha kuvikata, hadi hesabu za taarifa zilingane. Yeye mwenyewe hujiita karani anayejua kuchoma sindano, na hasemi hivyo kwa utani.

Ndiyo maana siku hizi wapo wanaopendekeza kazi za ofisini zikabidhiwe kwa kampuni kwa zabuni, kama ambavyo usafi na ulinzi hukabidhiwa katika hospitali nyingi. Hospitali za Marekani zimekuwa zikipeleka kazi za ankara na uchapaji wa maelezo ya madaktari hadi India na Ufilipino. Hata kwetu, serikali kuingia mkataba na mtoa huduma wa nje si jambo geni: pale Muheza, Hospitali Teule iliyo chini ya Kanisa la Anglikana ilibeba kwa miaka mingi jukumu la hospitali ya wilaya. Kwa hiyo sipingi mikataba kwa sababu tu ni mikataba.

Madai ya bima, kwa mfano, yanaweza kabisa kukabidhiwa kwa watu wa nje. Hiyo ni kazi ya kanuni: ugonjwa ulioandikwa ukipishana na dawa iliyotolewa, au saini ikikosekana, malipo hukatwa, na kituo hupoteza fedha ya huduma ambayo kimekwisha kuitoa. Mtu aliyefundishwa kazi hiyo ataifanya vizuri kuliko muuguzi anayetoka zamu ya usiku. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 ikitekelezwa kikamilifu, fomu hizo zitaongezeka.

Mapokezi ni jambo jingine. Katika mji ambao kina Mwanaidi Omari wamejaa kila mtaa, karani mwenyeji huuliza kwanza kama ni yule wa Makorora au wa Duga, ndipo aende kutafuta faili. Akikosea, historia ya dawa ya mtu mmoja inamwangukia mwingine. Huyo karani ndiye wa kwanza kumwona mtoto aliyelegea begani kwa mama yake na kumwita mbele ya foleni. Ndiye pia anayepokea barua ya mtendaji kutoka kwa mzee asiye na uwezo, anayestahili msamaha wa malipo, na namna anavyoipokea inatosha kumfanya mzee huyo arudi mara nyingine au asirudi kabisa. Mfanyakazi wa kampuni anayepimwa kwa idadi ya watu aliowasajili hana sababu ya kuinua macho.

Kuna na suala la siri. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, lakini mzabuni aliyeshinda kwa bei ya chini naye hulipa mishahara ya chini, watu wake hawakai, na kila anayeondoka huondoka na aliyoyasoma. (Waulize wafagiaji wa mikataba mishahara yao hutoka tarehe ngapi.)

Ningependelea kituo chenyewe kiajiri karani wake. Chuo cha Utumishi wa Umma kina kampasi hapahapa Tanga, na utunzaji wa kumbukumbu ni fani inayofundishwa chuoni hapo. Mganga Mfawidhi, yaani mkuu wa kituo, mwenye mapato ya ndani ya kutosha angeweza kumpa mhitimu mmoja mkataba wa mwaka. Hata hivyo, rejista zisipopunguzwa, karani huyo naye ataandika jina moja mara tano. Kwa zahanati za pembezoni, kama zile za Mkinga na Pangani, ambako makusanyo ya dirishani hayafikii mshahara wa mtu, karani mmoja azungukie zahanati tatu au nne za jirani katika wiki ya kufunga taarifa za mwezi, na halmashauri ibebe posho na nauli yake.