Swali la kwanza lilihusu kucheka

Mwanangu ametimiza miezi 7 leo. Amelala mdomo wazi, mkono mmoja juu kama mtu anayesimamisha gari. Nimejikuta nacheka peke yangu gizani, ndipo nikaikumbuka ile karatasi.

Alikuwa na wiki 6 nilipompeleka kliniki kwa chanjo. Muuguzi alimpima uzito, akaridhika, kisha akanigeukia. "Na wewe mama, unaendeleaje?" Nikasema salama tu. Hakunibishia. Alinipa kalamu na karatasi yenye maswali 10. La kwanza linauliza kama katika siku 7 zilizopita umeweza kucheka na kuona mambo ya kuchekesha. Nikakwama hapo hapo. Nilikitazama kifuniko cha kalamu, kimetafunwa na meno ya watu, nikajaribu kukumbuka nilicheka lini. Machozi yakaanza kudondoka kabla sijaweka alama hata moja.

Kila mtu alikuwa ameniambia ni kawaida. Na kweli, siku za mwanzo ni kawaida: kondo la nyuma likishatoka, homoni zilizopanda miezi yote ya ujauzito huporomoka ndani ya siku chache, na wengi wetu hulia ovyo. Lakini hali hiyo huisha yenyewe ndani ya wiki 2 hivi. Yangu ilizidi kukolea. Mtoto akilala, mimi silali; namsikiliza anavyopumua hadi alfajiri, huku nikijiambia angepata mama mwingine angekuwa na bahati. Ningemwambia nani, wakati wote wanasema "hongera, mtoto mzuri"?

Wageni hawakukosekana, siwezi kuwasingizia. Ila walikuja kumwona mtoto. Walimpakata, wakamsifia, wakanishauri (mmoja alisema mawazo hukausha maziwa, nikaanza kuwa na mawazo juu ya mawazo), wakaondoka wakaniachia vikombe.

Muuguzi alinielekeza kwa mshauri. Huko ndiko nilikosikia neno sonona likitajwa juu yangu, na kwamba Shirika la Afya Duniani linakadiria huwapata wanawake wapatao 13 kati ya kila 100 waliojifungua karibuni, hiyo au tatizo jingine la afya ya akili. Nikalikumbuka benchi la kliniki. Tulikuwa kama 20. Nani mwingine alisema salama tu?

Mume wangu alinyamaza kwanza nilipomweleza.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikwambia nimechoka."

"Nilidhani umechoka."

Hatukugombana. Usiku ule alimbeba mtoto yeye, akizunguka naye sebuleni hadi usingizi ukamchukua.

Lakini aliyeniinua hasa ni wifi yangu, nami naandika hivi ingawa hatujawahi kuiva chungu kimoja. Alikuja jioni, akavua viatu, akaosha vyombo vyote bila kuuliza sabuni iko wapi. Kisha akanyoosha mikono. "Nilete huyo. Wewe kalale, akitaka kunyonya nitakuamsha." Nililala masaa manne mfululizo. Sikuwa nimepona, mshauri bado namwona hadi leo, ila niliamka nikahisi njaa, na njaa nilikuwa nimeisahau.

Akawa anakuja kila Jumanne na Ijumaa. Jana tumebishana tena, safari hii kuhusu kofia ya mtoto. Aliondoka amenuna, ila vyombo alikuwa ameshaviosha.