Nilivyoupata mpito wa hali katika nadharia ya geji, nikiwa Wete

Ukifanya hesabu za kompyuta peke yako, mahali ambapo huna wa kumuuliza, swali linalokuganda ni moja: nitajuaje kuwa namba hizi ni za kweli? Nafundisha fizikia skuli ya sekondari hapa Wete, Pemba. Nadharia za geji ndizo wanafizikia huzitumia kueleza nguvu kati ya chembe ndogo kabisa za maada. Nilitamani kwa muda mrefu kuiona iliyo sahali kuliko zote, ile aliyoileta Franz Wegner mwaka 1971, ikiruka kutoka hali moja kwenda nyingine. Chombo changu ni kompyuta mpakato ya zamani, na kwa kazi hii ilitosha.

Nilianzia kwenye modeli ya Ising, picha rahisi ya sumaku, na kila anayetaka kuingia humu namshauri aanzie hapo. Unakuwa na latisi ya pande mbili, yaani nukta zilizopangwa kama kwenye karatasi ya miraba; kila nukta ina spini, sumaku ndogo ambayo ni ama +1 ama −1, na kila spini inapenda kufanana na jirani zake. Joto linavuruga, mwingiliano unapanga. Ernst Ising alionyesha mwaka 1925 kwamba spini zikiwa kwenye mstari mmoja hakuna mpito wowote. Lars Onsager mwaka 1944 akapata jibu kamili la pande mbili: mpito upo, katika halijoto ya 2.269 ukiihesabu kwa kipimo cha nguvu ya mwingiliano, na hapo nishati kwa kila nukta ni −1.414, yaani kipeuo cha pili cha 2 kikiwa hasi. Kwa mtu aliye peke yake jibu hilo ni hazina. Programu isipoifikia namba ya Onsager, hakuna haja ya kwenda mbele.

Hata kabla ya Onsager kuna jaribio dogo zaidi. Latisi ya spini 4 ina mipangilio 16 tu, kwa hiyo wastani wake unahesabika ubaoni kwa chaki. Niliifanya hesabu hiyo na wanafunzi wa kidato cha sita, na mmoja wao akauliza, "Maalim, sasa kompyuta ya nini, kama wenyewe twaweza?" Nikamwambia achukue latisi ya 10 kwa 10. Mipangilio yake ni 2 kwa kipeo cha 100, namba yenye tarakimu 31. Hakuna kompyuta ya kuimaliza. Ndiyo maana Nicholas Metropolis na wenzake walitoa mwaka 1953 njia ya kuokota mipangilio kwa nasibu, ile yenye uzito mkubwa ikiokotwa mara nyingi zaidi. Wastani wa tuliyoiokota unasimama mahali pa wastani wa yote.

Sasa geji. Hapa +1 na −1 hazikai kwenye nukta, zinakaa kwenye viungo vinavyounganisha nukta. Nishati haiko kwenye kiungo kimoja wala viwili. Iko kwenye mraba mdogo, ambao thamani yake unaipata kwa kuzidisha viungo vyake vinne. Nilitumia pande nne, tatu za nafasi na moja ya wakati. Latisi ya nukta 8 kila upande ina nukta 4,096, viungo 16,384 na miraba 24,576.

Kilichonipendeza zaidi ni jinsi hesabu ya kiungo kimoja ilivyo nyepesi. Katika pande nne kila kiungo kimo ndani ya miraba 6. Kwa kila mraba unazidisha vile viungo vitatu vingine, unapata +1 au −1, kisha unajumlisha zote sita. Jumla hiyo, tuiite S, ni moja kati ya saba tu: −6, −4, −2, 0, 2, 4 au 6. Uwezekano wa kiungo kuwa +1 ni 1 ukigawanya kwa 1 + e kwa kipeo cha −2βS, ambapo β ikikua joto linapungua. Kwa hiyo unahesabu uwezekano saba mara moja, unauweka kwenye jedwali, na programu haihangaiki tena na vipeo. Nilipoiandika hivyo kwa lugha ya C, mashine yangu kuukuu ilikwenda mbio.

Umeme huku hukatika, na latisi ya nukta 16 kila upande inataka kukesha. Nikaipangia programu ihifadhi kazi kwenye diski kila baada ya mizunguko kadhaa: viungo vyote, jumla za vipimo, na pia hali ya kizalishi cha namba nasibu. Hilo la mwisho watu hulisahau. Ukiwasha upya na kizalishi kikaanza mwanzo, unarudia namba zilezile na wastani wako unachafuka kimyakimya. Namba nasibu si jambo la kupuuza: mwaka 1992 watafiti walionyesha kuwa vizalishi vilivyosifiwa vilitoa majibu mabaya kwenye modeli hii hii ya Ising.

Katika Ising mtu hutazama usumaku. Kwenye geji njia hiyo imefungwa. Shmuel Elitzur alithibitisha mwaka 1975 kwamba wastani wa kiungo kimoja ni sifuri daima, uwe kwenye joto au kwenye baridi. Kinachopimwa ni wastani wa mraba, au vitanzi vikubwa zaidi alivyovieleza Kenneth Wilson mwaka 1974. Mimi nilishika mraba.

Nikapandisha β taratibu kutoka 0.3 hadi 0.6, kisha nikairudisha. Mistari miwili ya grafu haikufuatana. Karibu na 0.44 mmoja ulipita juu na mwengine chini, ukaachwa uwazi katikati. Sisi watu wa pwani tabia hiyo tunaijua kwenye mafuta ya nazi: huyeyuka karibu na nyuzi 24, lakini yakiwa maji unaweza kuyapoza chini ya hapo yakakawia kuganda. Huo ndio mpito wa daraja la kwanza, yaani wa kuruka ghafla, na Michael Creutz, Laurence Jacobs na Claudio Rebbi waliuona hivyohivyo mwaka 1979.

Lakini uwazi kwenye grafu hauthibitishi kuwa namba ni sahihi. Uthibitisho niliupata kwenye hesabu. Nadharia hii ikiwa na pande nne ni pacha wa nafsi yake: joto na baridi hubadilishana nafasi, na hukutana pale β inapokuwa nusu ya logi asilia ya 1 + √2, yaani 0.4407. Ukichukua mnyambuliko wa uhusiano huo hapohapo, unatoka na sharti lisilo na makadirio: wastani wa mraba wa hali ya joto ukijumlishwa na wa hali ya baridi lazima uwe √2. Nikaendesha latisi mbili kwenye 0.4407, moja ikianza na viungo vya nasibu, nyingine ikianza na vyote +1. Kila moja ikatulia mahali pake. Nikazijumlisha: 1.41. Niliwaita wanafunzi waje waione.

Sasa nimegeukia SU(2), nadharia nyingine ya geji, ambayo Creutz mwaka 1980 aliitumia kuonyesha kuwa katika pande nne hakuna mpito kati ya mwingiliano mkali na ule dhaifu, jambo lililotia nguvu maelezo ya kwa nini kwaki, chembe zinazounda protoni na neutroni, hazionekani peke yake. Viungo vyake ni matriki za 2 kwa 2 za namba changamano, kwa hiyo jedwali langu la thamani saba halifai tena, na sehemu hiyo ya programu naiandika upya.