Zoezi la trei ya barua: soma zote kabla hujajibu hata moja

Waajiri wanaotafuta maofisa au mameneja wasaidizi hupenda kumpa msailiwa rundo la karatasi 12 hadi 20 na saa moja ya kuzishughulikia. Maelezo huwa mafupi: unamkaimu bosi aliyesafiri, hapatikani kwa simu, amua. Wengine hutumia kompyuta, na barua pepe mpya zinaingia ukiwa katikati ya kazi.

Wengi huangushwa na kuchukua karatasi ya juu, kuijibu vizuri, kisha kushika inayofuata. Karatasi hizo zimetungwa makusudi zigongane.

Chukua mfano wa kubuni. Unakaimu umeneja wa ghala la mbolea Uyole, leo Jumatano. Karatasi ya 2: AMCOS (ushirika wa wakulima) moja ya Rungwe inataka mifuko 400 Ijumaa asubuhi. Ya 7: mtunza ghala ana mifuko 250. Ya 11: lori lenye mifuko 600 limeharibika njiani, mlima Kitonga, fundi anasubiri spea. Ya 14: mtunza ghala yuleyule anaandika tena kwamba bati limevuja na mifuko 60 imelowa. Aliyekwisha kuiandikia AMCOS "mzigo utafika wote" ameshajifunga.

Ukiziunganisha, mifuko mizima ni 190, pungufu 210. Basi tafuta leo lori la kufaulisha mzigo Kitonga, iandikie AMCOS kwamba Ijumaa ina uhakika wa 190 na lini utawathibitishia iliyobaki, agiza iliyolowa itengwe na bati lizibwe. Hapo kuna mitego miwili zaidi. Je, kaimu ameruhusiwa kuidhinisha gharama ya lori la kukodi? Na huyo msaidizi unayetaka kumkasimia ufuatiliaji, karatasi ya 9 si ndiyo ruhusa yake ya likizo kuanzia kesho? Ndiyo maana chati ya uongozi na kalenda zinazoambatana na karatasi hizo husomwa kwanza, ingawa watu huziruka.

Kwa saa moja, tumia dakika 10 kusoma zote. Andika namba pembeni, na kwenye kila karatasi andika namba za nyingine zinazohusiana nayo. Dakika 5 panga: za kufanya mwenyewe leo, za kukasimu, za kusubiri, za kwenda masjala. Dakika 35 andika, 10 hakiki.

Usidanganywe na muhuri wa HARAKA. Mwaliko wa hafla ya jioni unaweza kuwa nao, huku malalamiko ya mfanyakazi anayenyanyaswa na msimamizi wake yamekaa chini kabisa bila muhuri. Hayo ni ya siri: usiyapitishe kwa katibu muhtasi, na usimpelekee msimamizi anayelalamikiwa.

Kila uamuzi uonyeshe nani afanye, afanye nini, kabla ya saa ngapi, nani apewe nakala, na sababu kwa sentensi moja. "Nitalishughulikia" haina alama. Sababu hizo utaulizwa tena ana kwa ana mara nyingi zoezi likiisha, kwa hiyo usiandike usichoweza kukitetea.

Kwa mazoezi, mwombe mtu aliyewahi kufanya kazi ya ofisi akutungie karatasi 12, kisha zichapishe steshenari. Ukijitungia mwenyewe, mitego yote utakuwa unaijua.