Utenzi usomwe kwa sauti

Wasee, mkipata Utendi wa Tambuka, ule utenzi mrefu wa vita wa kisiwa cha Pate wa 1728, msiusome kimoyomoyo, usomeni kwa sauti. Mimi leo nimehesabu mizani, yaani silabi, kwa vidole nikiwa kwa mat, jam ya Thika Road imetushika, nane, nane, nane, kila mshororo, yaani kila mstari, na vita inaendelea tu humo ndani. Ukihesabu usifuate herufi, "mtu" ni mizani mbili, m-tu, na "mbuzi" pia ni mbili, mbu-zi. Lakini vina ndo vimeniweza kabisa. Mishororo mitatu inafanana mwisho, wa nne unashika kina kingine, kile cha bahari, na hicho kinarudi ubeti baada ya ubeti, yaani hata ukipotea kwa stori sikio linakingoja. Kuna wenye husema takriri, kurudia-rudia maneno, ni mshairi kuishiwa na maneno, aki hapana, tenzi zilikuwa za kuimbiwa watu, msikilizaji hana ukurasa wa kurudia, akisikia jina la shujaa tena anajua tuko wapi. Shuleni tuliambiwa tu tutaje vina na mizani tupate maksi, hakuna mtu alitusomea hata ubeti mmoja kwa sauti, na hiyo inaniuma sana.